Idi Tuliyoithibitisha kwa Hesabu

Siku ile tulikuwepo wanne. Mimi. Mdogo wangu wa kiume, wakati huo akiwa mwaka wa pili chuo kikuu akisoma hesabu na falsafa. Mdogo wetu wa mwisho, binti wa kidato cha tatu mwenye mdomo wa mtu mzima. Na mzee jirani, ambaye alipanda juu ya nyumba yake isiyokwisha ili autafute mwezi. Usiku ulipoingia akaongezeka mama mwenye duka. Hao ndio wote. Nawataja mapema kwa sababu kila mmoja wao baadaye alisimulia kivyake, na wawili walidai hawakuwepo kabisa.

Tunaishi Mbagala, katika nyumba ya vyumba vitatu tuliyoachiwa na wazazi. Mama alitangulia, baba akamfuata mwaka uliofuata, na mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule tukiwa katikati ya pembetatu: mwalimu alikuwa ameichora ubaoni, akaandika herufi tatu kwenye kona, akasema sasa tutathibitisha jambo ambalo ni kweli kwa pembetatu zote duniani, hata zile ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzichora. Kengele ikalia. Akasema tutaendelea kesho. Kesho yake nilikuwa msibani, na sikurudi tena. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikata vitambaa huku najiuliza lile jambo lilikuwa jambo gani.

Nilirithi cherehani ya mama, ile ya kukanyaga kwa miguu, na shangazi akanifundisha kushona. Kisha nikapata baraza. Mama mwenye duka, ambaye ukoo wao wa Kiarabu ulikuwa na duka Buguruni kabla ya kuhamia huku kwetu, aliniruhusu niweke cherehani mbele ya duka lake la vyakula. Watu wakija kununua sukari wananiona, wakiniona wanakumbuka zipu zao zilizoharibika. Baraza hilo ndilo lililowasomesha wadogo zangu wote wawili. Na tangu kuanza kwa mfungo wa mwaka ule kulikuwa na fundi mmoja kijana, mwenye cherehani ya umeme, aliyekuwa akipita pale mara kwa mara, anamsalimia mama kwa heshima nyingi mno, kisha anaangalia baraza langu kwa jicho la mtu anayepima chumba cha kupanga.

Mama mwenye duka alinipa kazi ya nguo za sikukuu za nyumba yake nzima, kitambaa kimoja rangi ya zambarau, magauni ya wanawake na mashati ya watoto. Akasema maneno machache. "Kabla ya Idi, fundi. Mwaka huu nimekupa wewe, sijampa yule." Hakuhitaji kueleza yule ni nani.

Sasa nimweleze mdogo wangu wa kiume. Tangu alipoanza falsafa, kila mwisho wa wiki alikuwa akirudi nyumbani na mtu mpya. Si mtu wa kumtengea chakula. Mtu wa Ulaya aliyekufa zamani. Tulizoea kumuuliza anapovua viatu mlangoni, "Wiki hii umekuja na nani?"

Wa kwanza alikuwa Mfaransa aliyejifungia chumbani karibu na jiko la kuotea moto, akaamua kushuku kila kitu kinachoweza kushukiwa: meza, mlango, mikono yake mwenyewe, hata kama yuko macho au anaota. Alitaka abaki na lile tu lisiloshukika, kisha ajenge elimu yote juu yake, hatua juu ya hatua, kama watu wa hesabu wanavyojenga.

"Huyo alikuwa na wadogo?" akauliza binti wa mwisho.

"Nani?"

"Huyo Mfaransa wako. Alikuwa na wadogo wa kuwalisha?"

"Sijui. Kwani?"

"Hakuwa nao. Dada akishuku mikono yake siku moja tu, sie wote tunalala na njaa."

Wa pili alikuwa fundi wa kusugua vioo vya miwani, aliyeandika habari za Mungu na hasira na mapenzi kwa mtindo wa jometri: unaanza na maana, unaweka madai ya msingi, halafu unathibitisha moja baada ya jingine. Binti huyu alimpenda sana. Siku iliyofuata tulikuta vyombo vichafu kwenye beseni na yeye amekaa pembeni na miguu juu ya kiti.

"Dai la kwanza," akasema, "anayekula zaidi anachafua zaidi. Dai la pili, kaka anakula zaidi. Kwa hiyo."

"Kwa hiyo nini?" akauliza kaka yake.

"Kwa hiyo sabuni ile pale, profesa."

Akaosha. Alisema uthibitisho una kasoro lakini alihitaji muda kuipata, na maji yalikuwa yanapoa.

Watu hao, alituambia, Waswahili wa chuoni wanawaita warazini, yaani wanaoamini kwamba akili peke yake, ikienda kwa utaratibu, inaweza kufika kwenye ukweli bila kusubiri macho. Mfano wao mkubwa ulikuwa hesabu. Huhitaji kupima pembe za kila pembetatu. Ukifikiri vizuri mara moja, umemaliza zote. Na ndiyo sababu, akasema, sayansi ya nyota na mianguko ya vitu ilianza kuandikwa kwa hesabu: kama akili inaweza kuiandika njia ya mwezi, basi inaweza kusema leo mwezi utakuwa wapi miaka mia ijayo.

Alimaliza kunithibitishia ile pembetatu yangu, kwamba pembe zake tatu zikijumlishwa ni sawa na mstari ulionyooka, kwenye meza ya jikoni, kwa chaki ya kushonea, juu ya kipande cha kitambaa cheusi. Nilitazama mistari ile mpaka nikaona kwa nini lazima iwe hivyo. Si kwamba huwa hivyo, lazima. Sijui nieleze vipi. Maishani mwangu mambo mengi niliyokuwa na hakika nayo yaliondoka mbele ya macho yangu. Hili halikuwa na uwezo wa kuondoka. Pembetatu haifiwi. Kuanzia siku ile nikawa mrazini kuliko yeye.

Yeye, kwa kweli, alikuwa mwoga kidogo. "Lakini dada," alisema, "hesabu peke yake haina habari na dunia. Ukitaka izungumzie dunia, lazima uianzishie mahali, na pa kuanzia ni mtu aliyeangalia." Sehemu hii sikuisikia vizuri. Nilikuwa nakanyaga cherehani.

Basi siku yenyewe. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa ya mfungo. Nguo nyingi za mama mwenye duka zilikuwa zimekwisha na kukunjwa, lakini yalikuwa yamebaki magauni manne, likiwemo lake mwenyewe, na hilo lilikuwa bado vipande. Mwezi ukionekana jioni ile, Idi kesho asubuhi, na mimi nimekwisha. Usipoonekana, tunakamilisha thelathini, nina siku nzima mbele yangu. Kila fundi wa Dar anaijua siku hii. Ni siku ambayo mafundi wote tunaomba mawingu kimyakimya, na hatumwambii mtu.

Mimi sikuomba mawingu. Nilimwita mdogo wangu.

"Niambie ukweli," nikamwambia. "Mwezi leo utaonekana?"

Alifungua kompyuta yake mezani, kati ya mkasi na sahani ya pini, akachapa kwa muda mrefu huku akikwaruza kidevu. Mwisho akasema mwezi upo, lakini ni mchanga mno. Utazama muda mfupi sana baada ya jua, ukiwa chini kabisa, na mwanga wa magharibi utakuwa bado umejaa. "Jicho la mtu haliwezi," akasema.

"Haliwezi, au ni vigumu?"

"Haliwezi."

"Umethibitisha?"

"Njia ya mwezi ni hesabu tupu. Hiyo ya jicho si akili iliyosema, ni watu walioangalia miezi mingi wakaandika wapi jicho linashindwa. Lakini kwa leo vyote viwili vinasema kitu kimoja."

"Basi," nikasema. Nikapiga mguu wa mwisho, nikanyanyua sindano, nikaifunika cherehani kwa khanga. Saa ilikuwa kumi alasiri.

"Dada," akasema binti, "si ungemalizia tu? Kwa usalama?"

"Usalama wa nini? Umeambiwa haiwezekani."

"Mie nimeambiwa na kaka. Kaka juzi alithibitisha kwamba kuku wa jirani hawezi kuruka ukuta wetu, na wakati huo kuku alikuwa amesimama juu ya ndoo yetu."

"Nilikosea urefu wa ukuta," akasema kaka yake. "Hesabu ilikuwa sawa."

Niliingia jikoni nikapika futari ya mtu mwenye nafasi. Magimbi ya nazi, tambi zilizokaushwa na sukari na iliki, uji wa pilipili manga. Tangu mfungo uanze tulikuwa tukifuturu kwa muhogo na haraka. Nilikoroga taratibu, natia nazi kidogo kidogo, na nilijisikia kama watu wenye elimu wanavyojisikia jioni.

Jua lilipokaribia kuzama tulipanda kwa mzee jirani. Nyumba yake ina ngazi na sakafu ya juu, lakini haina ghorofa ya juu. Nondo zimesimama pembeni zikisubiri mwanawe atume pesa. Kila mwaka huweka kiti cha plastiki pale, na kila mwaka huuona mwezi kabla ya watu wote, wakiwemo wenye macho mazima.

"Ule pale!" akapiga kelele hata hatujafika juu. "Ule pale, ule pale, allahu akbar!"

"Shikamoo mzee," akasema mdogo wangu. "Ile ni taa ya mnara wa simu."

"Marahaba. Mnara una pembe?"

"Hauna."

"Mie nimeona pembe."

"Mzee, mwezi leo utakuwa upande ule, chini, kushoto kwa msikiti. Wewe unaangalia Kigamboni."

Mzee akageuza kiti. Tukaangalia sote kushoto kwa msikiti, mahali ambapo akili ilisema mwezi upo na jicho haliwezi kuufikia. Nakiri niliangalia kwa bidii. Kulikuwa na mbingu ya rangi ya chungwa, waya za umeme, na kunguru wawili. Kamwe sijawahi kuangalia mahali patupu kwa furaha kama ile. Adhana ikalia, tukashuka kufuturu, na baada ya Isha redio ikasoma tangazo: mwezi haukuonekana, Waislamu wakamilishe siku thelathini.

Mzee jirani alilipokea vizuri. Alisema basi ulikuwa wa kwake peke yake.

Mimi ndiye niliyepotea. Nilisimama katikati ya ukumbi na kikombe cha uji mkononi, nikatoa hotuba. Nilisema kwamba mafundi wote wa Mbagala sasa hivi wanapumua, lakini wanapumua kwa bahati. Sisi tunapumua kwa uthibitisho. Nilisema kwamba watu hupoteza nusu ya maisha yao wakihofia mambo ambayo, wangekaa na kufikiri, wangejua hayawezi kutokea. Binti wa mwisho alinipigia makofi kwa vidole viwili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaitabasamia sahani yake ya tambi, amejaa haya na sifa.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Ilikuwa mama mwenye duka, na buibui lake, na harufu ya udi, na mfuko mkubwa mtupu wa kubebea nguo.

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimepita mwenyewe nichukue zile nguo. Nimesema nisikusumbue kuzileta, najua umechoka na mafundi leo hawana miguu."

"Mama, si nitazileta kesho jioni? Zimebaki chache tu."

"Kesho jioni za nini?" Alikuwa anacheka. "Kesho jioni watoto watakuwa wameshazichafua kwa shurubati."

"Ila mama, Idi keshokutwa."

"Idi kesho."

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Mama," akasema kwa adabu kubwa, "mwezi haujaonekana. Wametangaza. Na usingeweza kuonekana, kwa sababu—"

"Haujaonekana kwenu, baba. Sie tulianza siku moja kabla yenu, tulifuata ule mwezi wa nchi za nje. Leo tumetimiza thelathini. Hata mwezi ugome mwaka mzima, kesho tunaswali."

Mdogo wangu aliifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Na tulijua. Hilo ndilo la kuumiza. Siku ya kwanza kabisa ya mfungo wao, mimi nilikuwa barazani kwake nakunywa chai na maandazi, nikamkaribisha andazi, naye akaniambia, "Sie tumeshaanza, fundi," nikaona aibu, nikageuza kikombe upande wa pili. Kesho yake sote tulikuwa tumefunga, na mfungo ukiwa mdomoni mwa kila mtu haukuambii umeanza lini. Mwezi mzima tulikaa baraza moja na njaa moja. Tulishuku macho ya mzee, tukashuku taa ya mnara, tukashuku hata mawingu ambayo hayakuwepo. Tulichoacha kukishuku ni kwamba leo ni tarehe ishirini na tisa. Kwa nani, hatukuuliza.

Mama mwenye duka alikuwa ameshaiona cherehani.

"Umeifunika," akasema.

"Vumbi, mama."

"Mm." Akaipapasa ile khanga. "Yule kijana wa cherehani ya umeme alinipitia juzi. Akasema yeye kazi kama hii ni ya siku mbili. Nikamwambia nina fundi wangu." Akaukunja mfuko mtupu, akauweka kwapani. "Tunatoka kwenda kuswali jua likichomoza vizuri."

"Zitakuwa kwako kabla, mama."

"Inshallah," akasema, kwa namna ile watu wanavyosema wakiwa hawajakuamini lakini hawataki kukufukuza sikukuu.

Alipotoka nje, binti wa mwisho alivuta pumzi.

"Usiseme," nikamwambia.

"Sijasema."

"Usifikiri."

Kazi ile siisimulii yote. Mdogo wangu alitaka kwanza kukaa na kupanga, nikamfokea, kisha nikagundua alikuwa na haki. Alinitazama kwa dakika chache akasema cherehani inasimama kila ninaponyanyuka kupiga pasi na kukata nyuzi, kwa hiyo mimi nisinyanyuke tena mpaka tumalize. Binti akapewa pasi ya mkaa, yeye akashika mkasi na pini. Ilikwenda. Sijawahi kushona haraka vile. Nilianza kuirudia imani yangu ya jioni, kwa tahadhari, mpaka nilipochukua gauni la mama mwenye duka nikakuta limebandikwa pini mikono miwili ya kushoto.

"Hii yote ya kushoto," nikamwambia. "Umekata miwili ya kushoto."

Akauchukua mmoja, akaugeuza ndani nje, akauinua kwenye taa. "Tazama. Ukiugeuza, unakuwa wa kulia. Ni kama kwenye kioo. Kijometri hakuna tofauti."

"Kitambaa kina uso, kaka," akasema binti huku anapuliza mkaa. "Hilo zambarau liko upande mmoja."

Akatazama. Upande wa ndani ulikuwa wa kijivu.

"Dai la kwanza," binti akaendelea, "mama wa duka ana mikono miwili. Dai la pili—"

"Nyamaza," tukasema wote.

Nilitoa mkono mpya kwenye mabaki ya kitambaa, nikaunganisha kipande chini ya kwapa ambako jicho haliwezi. Huko nako nilitumia kile alichonifundisha. Daku tulikula wima, mabaki ya tambi, na kulipopambazuka tulikuwa njiani, mimi na yeye, tumebeba nguo kichwani kama watu wanaohama.

Nyumbani kwa mama mwenye duka Idi ilikuwa imeshaingia. Kwetu, mwendo wa dakika kumi nyuma, ilikuwa bado Ramadhani. Watoto walikuwa wameogeshwa, wanakimbia uchi wakisubiri nguo. Mama akazipokea, akazikagua moja baada ya nyingine bila kusema. Akavaa lake juu ya gauni la ndani, akanyanyua mikono, akajigeuza mbele ya kioo. Mkono ulikaa. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Sawa," akasema. "Kaeni, mle."

Katikati ya ukumbi palikuwa na mkeka, na juu yake sinia za vitumbua, kaimati, tambi, na birika la chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Idi hii mtu hutakiwa kula kidogo kabla ya kwenda kuswali, na nyumba ile walikuwa wakitii kwa furaha.

"Ahsante mama," nikasema, "ila sie bado tumefunga."

Mama mkwe wake, aliyekuwa akila kwenye kona ya mkeka, aliacha kitumbua mkononi.

"Siku ya Idi haifungwi," akasema mama mwenye duka. "Hata mtoto mdogo anajua hivyo."

"Ndiyo, mama. Ila kwetu Idi ni kesho."

"Kwa hiyo Idi yangu si Idi?"

Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alikuwa ameumia, amesimama na nguo mpya niliyomshonea, mbele ya mama mkwe wake, na fundi wake anamwambia leo ni siku ya kawaida. Nikaona baraza. Niliiona cherehani ya umeme imekaa mahali pangu na waya wake umechomekwa dukani. Na wakati huohuo nilijua kabisa siwezi. Sijui kueleza kwa madai ya kwanza na ya pili. Saumu ile nilikuwa nimeinuia, basi.

Mdogo wangu akainama sikioni kwangu. Nilidhani ananiletea Mfaransa wake. Akasema neno moja: "Baraza."

Kisha akavua viatu, akakaa mkekani.

"Mama," akasema, "hapa kwako leo ni Idi, na Idi haifungwi. Mimi niko hapa kwako. Kwa hiyo mimi sifungi."

"Nyumba yako iko kule," nikamwambia huku nimeuma meno.

"Hapo ndipo penye mjadala," akajibu, na alikuwa ameshashika kitumbua. "Dada yangu ana saumu ya watu wa upande wetu, mama, ameshainuia na ni mbishi. Mimi nakula kwa niaba ya familia."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, na kitumbua mdomoni. Kisha mama mwenye duka. "Huyu ndiye msomi?" akaniuliza.

"Ndiye, mama."

"Amesoma." Akammiminia chai. "Kula baba, kula. Na wewe fundi, kesho nitakuja mwenyewe kula Idi yenu, tuone kama mnaweza kupika. Halafu ukifungua baraza uje mapema, nina vitambaa vya sare za shule."

Alikula kwa niaba ya familia kubwa sana. Alikula kwa niaba yangu, ya binti, ya marehemu wazazi, na nadhani na ya shangazi. Mimi nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, mdomo mkavu, naangalia kaimati zinapungua, na sikumbuki kama nimewahi kumpenda mtu vile huku natamani kumzaba kofi.

Tuliporudi mtaani kwetu watu walikuwa wanafagia na sura za saumu. Mzee jirani alikuwa barazani kwake. Akamsogelea mdogo wangu, akanusa.

"Kijana, mbona unanukia iliki?"

"Ni hewa ya kule, mzee," akasema, na akashikwa na kwikwi.

Siku ya pili ya Idi yetu nilimpeleka kwa ustadhi wa mtaani, mtu mpole asiyependa maneno marefu. Mdogo wangu alieleza kwa muda mrefu: mipaka ya nyumba, hali ya mgeni, mwezi wa nchi za nje, na swali kama siku moja inaweza kuwa siku mbili kwa mtu mmoja anayetembea. Ustadhi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa umenuia kufunga?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ulikula?"

"Ndiyo."

"Una deni la siku moja. Omba msamaha, ulipe."

Karibu na kwetu akasema ustadhi hakugusa hoja yenyewe. Pia akasema, kwa kuwa alikula kwa niaba yangu, ikichunguzwa vizuri, deni ni langu. Nikamwambia nililipe mimi? Niko tayari, nifunge hata tatu. Nilirudi kumuuliza ustadhi, nikajibiwa mtu aliye hai na afya yake hafungiwi na mwingine. Deni ni lake.

Sasa anafundisha hesabu sekondari moja huko Tegeta, na wanafunzi wake wanampenda kwa sababu huanza kila kipindi kwa kuwataka washuku jambo. Binti wa mwisho amekwenda kusoma sheria, mahali panapomfaa. Cherehani yangu bado iko barazani. Kila mwaka ikiingia Shaaban nampigia simu mdogo wangu kumkumbusha ile siku, kwa sababu mfungo mwingine unakuja na ile haijalipwa, na kila mwaka ananiambia anakaribia kumaliza uthibitisho.

Mwaka huu sikutaka uthibitisho. Nilimwambia anitajie siku. Nikasikia anafungua kitu, labda kalenda, labda kompyuta.

"Jumatatu," akasema.

Hakusema Jumatatu ipi.